Fundi wa Herufi Ndogo

Kwanza niseme wazi kwamba mtu huyu alinichosha. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma hadi katikati akadhani namsifu. Tangu nianze biashara hapa Kigoma nimepatana bei na watu wa kila namna: mabibi wa vitenge kutoka Kongo, wapakiaji wa stesheni, nahodha aliyeapa kwa Mungu wake kwamba injini haiwaki bila nyongeza. Wote walishuka. Wengine walishuka kidogo, wengine walishuka mpaka nikawaonea huruma nikawarudishia. Fundi wangu wa kompyuta hakushuka hata siku moja, na ajabu ni kwamba kwenye fedha hakuwa na shida. Alichokuwa hapunguzi ni masharti.

Nina stoo ya dagaa pale Kibirizi. Kina mama wa Kagunga, kule juu karibu na Burundi, wanaanika dagaa wao, wanapeleka magunia kwenye kijiofisi changu cha hukohuko, boti inayashusha huku, nami nayatunza mpaka apatikane mnunuzi au behewa. Gunia lenyewe lina namba tu, imeandikwa kwa rangi. Mwenye gunia ni nani, hilo liko ndani ya kompyuta. Stoo yangu haina ukuta wa maana wala mlinzi wa kutisha. Ina kitu kimoja tu kinachowafanya kina mama waniamini: gunia la mtu litafika likiwa la mtu yuleyule. Siku likiacha kuwa hivyo, pembeni yangu kuna stoo nyingine, na mwenye nayo hunisalimia kila asubuhi kwa uchangamfu ambao sijaupenda.

Ndiyo maana nilinunua kompyuta, na kompyuta ikaniletea Fundi.

Alikuja kwa baiskeli kutoka Ujiji, shati limefungwa kombo, upande mmoja wa kola umepanda shingoni na mwingine umeshuka. Nilimtazama nikajiambia, huyu nitampata kwa bei nzuri. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi," akaitikia bila kunitazama, akaketi mbele ya laptop yangu akaipekua kidogo, kisha akatoa hukumu.

"Majina yote yatakuwa herufi ndogo. Hakuna nafasi katikati, hakuna madoido. Neno na neno tutaliunga kwa kistari cha chini."

"Hata jina la stoo?"

"Hata lako."

Nikamuuliza sababu, na hapo ndipo nilipojifunza kutomuuliza sababu wakati boti inapakia. Kompyuta ya Kagunga, akasema, ilikuwa kuukuu, tumepewa na watu wa kanisa, na yeye ameiwekea Linux, programu endeshi nyepesi, kwa kuwa haina uwezo wa kubeba kingine. Laptop yangu ya Kibirizi ina Windows, kama ilivyotoka dukani. Sasa hizi mbili hazina tabia moja.

"Windows ni mtu wa barazani," akaniambia. "Ukiandika Magunia kwa herufi kubwa, ukiandika magunia kwa ndogo, kwake ni lilelile, anakuitikia na anakukaribisha chai. Linux ni askari wa mpakani. Karatasi inasema hivi, wewe unasema vile, basi hakujui. Rudi ulikotoka."

"Kila mmoja abaki na tabia yake, basi. Wanaishi mbali."

"Wanaishi mbali lakini flashi inapanda boti, Mama Stoo. Jina tunalipimia kwa yule mkali. Akilikubali mkali, mpole hana neno."

Flashi kweli ilikuwa inapanda boti. Mtandao wa Kagunga ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kumbukumbu za mizigo zilisafiri ndani ya flashi, flashi ndani ya kichupa cha dawa chenye kifuniko, na kichupa shingoni mwa nahodha kwa kamba ya nyavu. Kile kichupa kilikuwa ubunifu wa Fundi. Abiria wageni walidhani nahodha ana hirizi, na nahodha hakuwahi kuwasahihisha, maana ziwa likichafuka walikuwa wanamsogelea kwa heshima.

Nilijaribu kupatana. Ni ugonjwa wangu.

"Nipunguzie kidogo, Fundi. Jedwali la wateja tuliache na herufi kubwa. Wale ni watu wazima." Jedwali ndilo jina la kila chumba ndani ya kumbukumbu: kimoja cha wateja, kimoja cha magunia, kimoja cha boti.

"Hapana."

"Basi nusu. Herufi ya kwanza peke yake."

"Herufi ya kwanza ndiyo hiyohiyo niliyoikataa."

"Mimi si mteja wako?"

"Ndiyo maana nakukatalia kwa adabu."

Ile kumbukumbu nzima aliiita kanzidata. Mimi niliiita daftari la umeme, akanikataza.

Mtu akisikia habari hizi atadhani nyumbani kwake kulikuwa na mpangilio. Nilikwenda. Nyaya zilijaa kwenye kikapu cha kuchukulia dagaa, chuma cha kulehemea kimelala ndani ya sufuria, na kuku mmoja alikuwa anaatamia juu ya kompyuta iliyofunguliwa, kwa kuwa, alivyonieleza, palikuwa na joto zuri. Nikachungulia kioo cha kompyuta yake mwenyewe. Faili moja liliitwa Mpya. Jingine liliitwa Mpya tena. La tatu, kwa herufi kubwa tupu na nafasi katikati, liliitwa MPYA KABISA HII.

"Fundi, hii ni nini?"

"Kompyuta ya hapa haipandi boti," akanijibu, wala hakuona aibu.

Na majina ya watu je? Hapo ndipo nilipokuwa natamani kumrushia kiti. Mtu aliyekesha akipigania jina la chumba cha magunia hakushika jina la binadamu hata mmoja. Mimi nilikuwa Mama Stoo tangu siku ya kwanza. Karani wa Kagunga alikuwa Karani. Mkewe mwenyewe, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, alimwita Mwalimu, na sijui kama siku ya ndoa alilitamka jina lake au alilikwepa. Tulikwenda naye msibani Katonga, akasimama mbele ya mjane akasema kwa huzuni ya kweli kabisa, "Pole sana, yule wa boti ya bluu alikuwa mtu mwema." Mjane alicheka huku analia. Nilitamani mchanga unimeze. Siku nyingine aliniazima simu yake nipige, na katika majina yake nikajikuta nimeandikwa mama_stoo, kwa herufi ndogo, na kistari cha chini. Nikamtafuta mkewe: mwalimu_nyumbani. Nahodha wangu alikuwa nahodha_kichupa.

Simu za kina mama alizitengeneza bure. Walikuja hata na redio. Lakini mimi nilipotaka kumwongezea malipo baada ya kazi ngumu, alizirudisha. "Bei ni bei," akasema. Nimezoea mtu anayekataa kushuka, nina dawa yake. Mtu anayekataa kupanda na kushuka umfanyeje?

Sasa nieleze habari ya Karani, maana bila hiyo mtu atadhani tulikuwa tunagombana kwa kukosa kazi.

Karani wetu wa Kagunga alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa nidhamu. Akikutana na bibi njiani anashuka kwenye baiskeli, anaivua kofia, anaamkia ndipo anapanda tena. Fundi alikuwa amemwonya: herufi ndogo tupu, usibuni kitu. Karani akaitikia kwa Kiha, "Ego, nimesikia," na akaondoka na dukuduku lake. Kila alipofungua kile chumba cha magunia aliona neno limelala chini, limeandikwa kwa herufi ndogo tupu. Aliona si heshima. Mizigo ya watu wazima itaandikwaje kana kwamba ni takataka?

Asubuhi moja akaandika Magunia, kwa M kubwa. Mashine ya Kagunga, kwa ule uaskari wake, ikamwambia haijui kitu kama hicho. Karani, kwa wema wake wote, akakitengeneza. Akafungua chumba kipya chenye M kubwa, na ndani yake akawahamishia bibi zetu, wale wote anaowapa shikamoo. Mabinti na wake wadogo akawaacha kwenye chumba cha herufi ndogo. Alipomaliza, alisema baadaye, moyo wake ulitulia.

Kagunga hapakuwa na tatizo. Mashine ile iliona vyumba viwili, ikavitunza vyote viwili. Flashi ikaingia kwenye kichupa, kichupa kikapanda boti, flashi ikafika kwenye laptop yangu ya barazani ambayo haijui kubwa wala ndogo. Kwake Magunia na magunia ni chumba kimoja. Ikafungua mzigo wa kwanza, ule wa bibi, ikaupanga vizuri. Ikafungua mzigo wa pili, wa mabinti, ikaona jina lilelile, ikafuta ule wa kwanza ili kuweka huu mpya. Haikulalamika wala haikuuliza.

Boti ikashusha magunia na wenyewe waliokuja kuuza. Mabinti wakaitwa, wakachukua. Kisha nikasimama mchangani mbele ya rundo la magunia yasiyo na mtu, na mbele ya kina bibi ambao, kwa mujibu wa laptop yangu, hawakuleta kitu. Nilihesabu magunia. Nikahesabu tena. Magunia yalikuwepo, wenyewe walikuwepo, na kati yao hapakuwa na kitu.

Bibi mmoja, mkubwa wao, alinijia akiwa ameshika kiuno.

"Mama, nimeanza kuanika dagaa kabla baba yako hajamwoa mama yako. Leo hicho kisanduku kinasema sikuleta?"

"Bibi, kuna hitilafu kidogo."

"Kidogo ya nani? Mabinti hawa wote kimewaona. Sisi wazee ndio kimetukataa?"

"Labda kinapenda wabichi," akasema mwingine nyuma, na wenzake wakacheka, lakini si cheko la kunifurahisha. Nikageuka nikamwona jirani yangu wa stoo ya pembeni amesimama mlangoni kwake, amekunja mikono, anatabasamu. Nikampigia Fundi.

Alikuja kwa baiskeli. Alipofika hakuwasemesha bibi wala mimi. Alitazama laptop, akafumba macho kwa muda, kisha akasema, "Funga stoo."

Ulikuwa wakati wa giza. Kwa asiyejua, dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Giza likiwa limekaza ndipo boti zinajaa, na mwezi ukikua watu wanapumzika. Kufunga stoo wakati wa giza ni kumkabidhi jirani wateja wako ukiwa umewafunga utepe.

"Fundi, subiri mwezi ukue. Nitaandika kwa mkono mpaka hapo, kisha ufanye utakavyo."

"Kila flashi itakayokuja itafuta nyingine. Funga."

"Nusu siku."

"Funga."

"Basi niache nipokee mabinti tu, hao wanaonekana."

Akanitazama, mara ya kwanza kwa siku ile. "Kwa hiyo bibi ndio hawapo?"

Nikafunga. Sijamsamehe hadi leo, na nikimwambia hivyo hutikisa kichwa kana kwamba nimemtajia hali ya hewa.

Halafu mtu yule, anayetapika boti ikiwa bado imefungwa kambani, alipanda boti ya Kagunga. Nahodha ananiambia alilala chali njia nzima, uso umefunikwa kwa kanga ya abiria, kichupa amekishika mkononi. Nilikwenda naye, maana sikumwamini kumkaripia Karani peke yake. Nilitaka sehemu yangu ya karipio. Lakini Fundi hakukaripia. Aliketi na Karani mbele ya ile mashine kuukuu, wakarudisha bibi na mabinti katika chumba kimoja, jina baada ya jina, Karani akitaja nani ni wa namba ipi kwa kichwa.

"Fundi, mimi nilikuwa naweka heshima tu," Karani akasema mwishoni, sauti imeshuka.

"Heshima ya bibi ni gunia lake lifike likiwa lake."

"Na hizi herufi ndogo?"

"Hizo ndizo zinazovuka ziwa."

Karani akavua kofia. Nikabaki na karipio langu mdomoni, halina pa kwenda.

Baadhi ya kina mama walihamia kwa jirani. Wengi wao walirudi, mmoja akisema kule wanaandika kwa mkono mzuri lakini hawasomi. Yule bibi mkubwa hakuhama. Ila kila akija, mpaka leo, huinama mbele ya laptop na kuiuliza kwa sauti, "Unaniona?"

Miaka ikapita hivyo, mimi nikipatana naye na yeye akikataa. Nilitaka jina la chumba kipya liwe refu lieleweke. Akasema jina refu ni la mtu anayejisifu. Nilitaka kuchanganya umoja na wingi kwa hiari yangu. Akasema nichague kimoja nife nacho. Nilimwambia watu wa mjini hawana masharti hayo. "Watu wa mjini hawashushi gunia Kibirizi," akajibu. Kisha akaanza kuja mara chache. Mkewe akasema ni macho, mtoto wa jicho, yote mawili. Baadaye hakuja tena.

Mara ya mwisho niliyomkuta nyumbani kwake Ujiji, sikuwa nimekwenda kumtembelea tu, ingawa nilibeba samaki wa migebuka na chupa ya mawese ili ionekane hivyo. Laptop yangu ya zamani ilikuwa inakaribia kukata roho. Nilikuwa nimenunua mashine mpya ya Kibirizi, nayo imewekwa Linux kama ya Kagunga. Kwa hiyo sasa pande zote mbili zingekuwa na askari, na yule mpole wa barazani anaondoka. Asubuhi yake kumbukumbu zote zilitakiwa kuhama. Giza lilikuwa linaanza, magunia ya Kagunga yameshapangwa ufukweni. Nikiharibu, ningesimama tena mbele ya bibi wale wale, na safari hii wasingecheka.

Alikuwa ameketi barazani, shati kombo kama kawaida. Hakuna kuku aliyeatamia kitu, mkewe alishasafisha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama Stoo. Umekuja na laptop, naisikia unavyoibeba."

Nikamweleza. Akasikiliza, uso ameuelekeza kwenye mti wa jirani. Kisha akasema, "Nisomee majina ya vyumba. Yote."

Nikafungua, nikasoma. Boti. Magunia. Wateja. Kila nilipotaja moja aliuliza, "Ndogo?" nami nikaitikia, "Ndogo." Nikafika mwisho.

"Soma tena," akasema. "Wewe husoma mara mbili kila kitu."

Nikasoma tena, na safari hii jicho likanasa. Kulikuwa na chumba cha mabehewa, kilichoongezwa na mtaalamu mmoja niliyemwita wakati Fundi haoni vizuri tena. Alikuwa ameandika Mizigo_Treni. Laptop ya barazani ilikuwa imekinyamazia muda wote.

"Umesita," Fundi akasema.

"Kuna kimoja kina herufi kubwa."

"Ngapi?"

"Mbili."

Nikasubiri hotuba. Nilikuwa nayo tayari kichwani, na majibu yangu pembeni. Miguu yake ikaanza kutafuta kandambili chini ya kiti. Ikapata moja. Ikaitafuta ya pili, ikapapasa huku, ikapapasa kule, kisha ikaacha.

"Kiache," akasema.

"Nini?"

"Hicho kimoja. Kiache kama kilivyo. Utakumbuka mwenyewe."

Miaka yote ile. Hata nusu herufi hakuwahi kunipunguzia, wakati nina stoo imefungwa, wakati nina bibi wananishikia viuno. Sasa ananipa punguzo bila hata kuombwa, mikono yake imelala magotini. Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akasimamisha ungo.

"Sikiachi," nikasema.

"Nimekupunguzia, Mama Stoo."

"Sitaki. Linux haikijui, Kagunga hawakijui. Kikipanda boti kitarudi na msiba. Herufi ndogo."

"Hata cha treni?"

"Hata chako."

Sijui kama alikuwa amechoka kweli au alikuwa ananipima, na nikimuuliza hatasema. Kisha akavuta kiti karibu, akanielekeza neno kwa neno nini cha kuandika, kichwa ameinamisha akisikiliza vidole vyangu. Nilipokosea alijua kabla ya kompyuta.

"Soma."

Nikasoma.

"Mara ya pili."

Nikasoma mara ya pili. Zote ndogo.

"Sasa lazima kiwekwe na kule, kwa herufi hizohizo ndogo, siku hiyohiyo. Nani anakwenda Kagunga?"

"Nahodha."

"Nahodha anabeba tu. Nani anakwenda?"

Nilijua anakotaka kufika. Mawimbi ya msimu ule siyapendi, na stoo nani angeishika?

"Nauli yangu nani analipa?" nikamuuliza.

"Bei ni bei," akasema. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kile kichupa cha dawa, alichopewa na nahodha akitengeneze, kamba ya nyavu imesukwa upya, akakinyoosha kunipa. Alikinyoosha upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu.

Nikainuka, nikahamia upande ule.